Umejenga kampuni ya teknolojia, sasa unataka kufundisha: namna ya kuendesha mafunzo ya ujasiriamali yasiyomfungia mtu mlango

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeanzisha kampuni ya teknolojia, akaihangaikia hadi ikasimama, na sasa ameamua kuwafundisha wengine. Anataka darasa lake liwe la wote: wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa viungo, wazazi wenye watoto wachanga, waliokatisha masomo, wanaotumia simu ya batani. Nia ni njema, lakini nia peke yake haifungui mlango. Anayeachwa nje ya mafunzo mara nyingi haachwi siku ya somo. Anaachwa wiki nyingi kabla, pale fomu ilipotungwa, ukumbi ulipochaguliwa na saa ya kuanza ilipopangwa. Ndiyo maana kazi nyingi iliyoelezwa hapa hufanyika kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Tuchukulie darasa la watu 20, wiki 10, vipindi viwili kwa wiki, kila kipindi dakika 90. Wakiwa 40, usiongeze viti tu, ongeza na mwalimu. Maandalizi yaanze wiki 8 kabla ya somo la kwanza. Chini ya hapo utakosa wakalimani wa lugha ya alama.

Hatua ya 1: Geuza uzoefu wako kuwa maamuzi

Waliojenga kampuni hupenda kufundisha kwa kusimulia walikotoka. Simulizi inachangamsha, ila mwanafunzi hawezi kuinakili, kwa sababu hakuwa na akiba uliyokuwa nayo, wala rafiki aliyekuazima kompyuta, wala mtu wa kukudhamini.

Chukua karatasi, uigawe safu nne. Safu ya kwanza, andika maamuzi 12 makubwa uliyofanya katika biashara yako. Ya pili, ulichokuwa unakijua wakati ule. Ya tatu, ulichochagua na kilichotokea. Ya nne, uamuzi huo ulihitaji kitu gani ambacho si kila mtu anacho. Safu hii ya nne ndiyo itakayokupa mtaala.

Tuseme umeandika "niliacha kazi ili nijikite kwenye biashara". Safu ya nne itasomeka: akiba ya miezi sita na mtu mwingine nyumbani mwenye kipato. Kwa mama anayelisha familia kwa anachopata leo, ushauri wa kuacha kazi ni hatari. Uandike upya: jaribu wazo lako kwa saa sita kwa wiki bila kugusa kinachokuingizia riziki. Msemo unaopendwa na watu wa teknolojia, kwamba ushindwe haraka ili ujifunze haraka, nao una kasoro hiyohiyo. Mwenye mtaji wa mara moja tu akishindwa, amekwisha. Mfundishe kupanga hasara: kabla hajaanza jaribio, aandike kiasi anachoweza kupoteza bila watoto kulala njaa, na akifika hapo asimame.

Kisha pitia maneno. Orodhesha istilahi zote unazotumia bila kufikiri, kama "thamani pendekezwa" au "modeli ya mapato", na kando ya kila moja andika maana yake kwa sentensi moja ambayo mtoto wa darasa la saba ataielewa. Istilahi isiyokubali kuelezwa hivyo, iache. Orodha hiyo itahitajika tena kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 2: Tunga fomu ambayo haimchuji mtu

Swali "Je, wewe ni mlemavu?" halifai. Wengi wenye uoni hafifu au maumivu ya mgongo ya miaka mingi watajibu hapana, na wengine litawaudhi. Tumia maswali sita ya Kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001. Yanauliza kama mtu anapata ugumu katika kuona hata akivaa miwani. Kusikia hata akitumia kifaa cha kusaidia kusikia. Kutembea au kupanda ngazi. Kukumbuka au kuzingatia. Kujihudumia, kwa mfano kuoga na kuvaa. Na kuwasiliana kwa lugha yake ya kila siku. Majibu ni manne tu: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Aliyejibu "ugumu mkubwa" au "siwezi kabisa" kwa swali hata moja, anahesabiwa kuwa na ulemavu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mtu 1 kati ya 6, wanaishi na ulemavu mkubwa. Kiwango hupanda kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo darasa la vijana litakuwa na pungufu ya hapo. Lakini zikirudi fomu 60 na hakuna hata mmoja, usiseme hawapo. Tangazo lako halikuwafikia, au lilifika likiwa ni picha yenye maandishi ambayo programu ya kusoma skrini, ile inayomsomea asiyeona kwa sauti, haiwezi kuyasoma.

Maswali sita yanakupa hesabu, hayakuambii uandae nini. Ongeza la saba: "Ili ushiriki vizuri, tukuandalie nini?" Na hapo weka orodha ya kutiki: mkalimani wa lugha ya alama, maandishi makubwa, nukta nundu (maandishi ya kusoma kwa vidole), faili za kusomwa na programu ya skrini, nafasi ya kiti mwendo, msaidizi wako binafsi, mahali pa mtoto, muda wa ziada wa mazoezi, mengineyo. Bila orodha, watu huacha wazi. Si kwamba hawahitaji. Wamezoea kuambiwa wanasumbua.

Fomu ya mtandaoni iwe njia moja kati ya tatu. Nyingine ni kupiga simu na mtu akakujazia, na karatasi inayopelekwa na mtu anayeaminika katika vyama vya wenye ulemavu au vikundi vya akina mama. Usidai vyeti, wasifu wa kazi wala mchanganuo wa biashara uliochapwa. Vitu hivyo humpima mtu kwa shule aliyosoma.

Ijaribu fomu mwenyewe kabla haijatoka. Kwenye simu ya Android fungua Mipangilio, ingia sehemu ya ufikivu (ya kuwawezesha wenye ulemavu kutumia simu), washa TalkBack, programu yake ya kusoma skrini. Kwenye iPhone inaitwa VoiceOver. Fumba macho. Telezesha kidole kwenda kulia ili uhame kutoka kipengele kimoja hadi kingine, na ugonge mara mbili kubofya. Sikiliza. Ukisikia simu inasema tu "kitufe, hakina lebo", au "sehemu ya kuandika" bila kutaja inaandikwa nini, hapo ndipo mwombaji asiyeona atakapokwama. Sababu ya kawaida ni kwamba aliyeunda fomu aliweka maelekezo ya rangi ya kijivu ndani ya kisanduku badala ya kuweka lebo halisi juu yake, na maelekezo hayo hupotea mtu akianza kuandika. Ondoa pia lile jaribio la kuchagua picha ili kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Hilo huwafukuza wasioona.

Hatua ya 3: Pima ukumbi kwa futi kamba

Neno la mwenye ukumbi kwamba "panafikika" halitoshi. Nenda na futi kamba.

Njia ya mteremko isizidi uwiano wa 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kwenda juu inahitaji sentimita 12 za urefu. Kidato kimoja cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Ngazi tatu za namna hiyo, sentimita 45, zinahitaji mita 5.4, na hapo ubao wa kuegesha hautoshi tena. Ubao mfupi wenye mteremko mkali ni wa hatari kuliko kukosa kabisa: kiti hupinduka kwa nyuma. Mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 au zaidi ukipima kutoka kwenye ubao wa mlango uliofunguliwa hadi fremu ya upande wa pili. Sentimita 90 ni bora. Mahali pa kugeuzia kiti mwendo panahitaji duara la sentimita 150, na chooni pia. Choo ambacho mlango wake hufunguka kwa ndani ndicho kinachosahaulika: mtu anaingia, hawezi kuufunga.

Ondoa viti viwili katikati ya safu, si nyuma. Nafasi ya kiti mwendo ikiwa ya nyuma tu, umemtenga mtu ndani ya darasa lenyewe.

Mwanga uje kutoka nyuma ya wanafunzi uangukie uso wa mwalimu. Mwalimu akisimama na dirisha mgongoni, uso wake unakuwa kivuli, na asiyesikia vizuri anapoteza midomo yake. Kelele ya jenereta au feni kubwa nayo huwaumiza wanaotumia vifaa vya kusikia, kwa kuwa kifaa hukuza kila sauti.

Saa: kipindi kiishe mapema kiasi cha watu kufika kwao kabla ya giza. Nauli itolewe siku hiyohiyo. Kurudishiwa mwisho wa mwezi ni mkopo ambao mwanafunzi anakukopesha wewe, na asiye na pesa hawezi kukukopesha. Kama umeahidi mahali pa watoto, pawe jirani ya darasa, mama asikie mtoto akilia.

Katika bajeti, tenga angalau asilimia 10 kwa ajili ya ufikivu tangu siku ya kwanza, kwa jina lake. Fungu lililofichwa kwenye "mengineyo" huliwa na chakula cha mgeni rasmi.

Hatua ya 4: Andaa vifaa vya kusomea

Mambo mengi hapa yana vipimo vilivyokubalika kimataifa, vya shirika la W3C linalosimamia viwango vya wavuti. Tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandhari yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Kwa maandishi makubwa, yaani pointi 18 na kuendelea au pointi 14 zilizokolezwa, inatosha 3 kwa 1. Kuna zana za bure mtandaoni: unaweka rangi mbili, zinakupa uwiano. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, rangi inayopendwa sana na wabunifu, huanguka karibu kila mara. Kwenye karatasi za maandishi makubwa tumia pointi 16 hadi 18, fonti isiyo na mapambo, bila italiki. Usifiche maana ndani ya rangi peke yake. "Tazama gharama zilizo nyekundu" ni sentensi tupu kwa asiyetofautisha nyekundu na kijani. Andika pia neno "gharama".

Faili za Word zitumie mitindo ya vichwa iliyomo kwenye programu, si herufi zilizokuzwa na kukolezwa kwa mkono. Programu ya kusoma skrini huruka kutoka kichwa hadi kichwa. Pasipokuwa na vichwa halisi, mtu analazimika kusikiliza kurasa 30 mfululizo ili apate zoezi la ukurasa wa 22. Kila picha iwe na maelezo ya sentensi moja. Kosa linaloongoza ni PDF iliyopigwa picha kwa skana: kwa macho ni maandishi, kwa programu ya skrini ni ukurasa mweupe. Jaribu hivi: fungua faili, jaribu kuteua neno moja kwa kipanya. Likikataa kuteuliwa, faili hiyo ni bubu. Wanafunzi watakaotumia kompyuta ya Windows wanaweza kupakua NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, ili wasingoje kununuliwa programu ya gharama.

Uzito wa faili nao ni ufikivu. Saa moja ya sauti iliyobanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde ina MB 14.4. Saa moja ya video kwa megabiti 1 kwa sekunde ina MB 450, mara 31 zaidi. Kwa maelezo ya mdomo tu, toa sauti na karatasi ya maandishi. Video ibaki kwa mambo ambayo lazima yaonekane, na kwa lugha ya alama. Humo usibane kupita kiasi, kwa sababu picha ikikwamakwama vidole havisomeki. Manukuu ya video, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa, yakitengenezwa na mashine yasitoke bila mtu kuyapitia. Mashine hukosea majina na tarakimu, na somo la hesabu lenye tarakimu mbovu ni afadhali lisingekuwepo.

Hatua ya 5: Endesha kipindi

Dakika 90 zigawe hivi: 10 za kurudia somo lililopita, 15 za dhana mpya, 35 za kufanya kazi kwa mikono, mapumziko 10, na 20 za kusikiliza majibu ya watu watatu au wanne. Zinatimia dakika 90. Mwalimu akizungumza zaidi ya dakika 15 mfululizo, wa kwanza kupotea ni wale wanaotumia nguvu ya ziada kupokea: anayesoma midomo, anayefuata mkalimani, anayesikiliza masikio mawili kazi mbili, mwalimu upande huu na programu ya skrini upande ule.

Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili kwa kipindi kama hiki, wakipokezana kila dakika 20 hivi. Mmoja akiachwa peke yake, baada ya nusu saa anaanza kudondosha maneno, na kiziwi hana namna ya kujua kilichodondoka. Wapelekee slaidi na ile orodha ya istilahi wiki moja kabla. Istilahi nyingi za biashara hazina alama iliyozoeleka, hivyo wanahitaji kukaa na wanafunzi viziwi na kukubaliana alama ya "mtaji" na ya "mauzo" kabla ya somo, sio katikati yake. Mkalimani asimame karibu nawe, ili mwanafunzi awaone nyote kwa mtazamo mmoja. Nawe zungumza na mwanafunzi, usimwambie mkalimani "muulize kama ameelewa".

Ukionyesha slaidi, sema kilichomo. Acha maneno "hii hapa" na "kama mnavyoona". Sema: "Grafu inapanda kuanzia mwezi wa tatu, inashuka mwezi wa sita." Ukimaliza kuandika ubaoni, nyamaza sekunde tano kabla hujaendelea, kiziwi hawezi kutazama ubao na mkalimani kwa wakati mmoja.

Hatua ya 6: Hesabu, na usiziogope

Hapa ndipo tunapoomba mwalimu akae zaidi kuliko popote. Kozi nyingi jumuishi hulegeza hesabu kwa kuwahurumia wanafunzi, halafu huwarudisha sokoni wakiwa na ari kubwa na bei mbovu.

Tuchukue mshonaji wa mikoba ambaye ni kiziwi. Sarafu iwe yoyote. Mkoba anauuza 100. Kitambaa, uzi na zipu ni 55. Kuupeleka kwa mteja ni 15. Kila mkoba unamwachia 30. Kila mwezi, auze asiuze, analipa kodi 900, umeme na simu 300, na mkalimani kwa mikutano miwili ya wateja wa jumla 600. Jumla 1,800. Gawanya kwa 30: lazima auze mikoba 60 ili asipate hasara.

Wengi huacha ile 600 ya mkalimani nje ya daftari, kwa aibu au kwa kuwa ndugu anakalimani bure kwa sasa. Bila hiyo hesabu inasema mikoba 40. Siku ndugu atakaposafiri, biashara iliyoonekana kupata faida kwa mikoba 50 itakuwa inakula mtaji. Gharama ya msaidizi, ya usafiri maalumu, ya kifaa cha kusikia, ni gharama ya biashara kama uzi. Iandikwe.

Sasa mwongezee ujira wake mwenyewe, 1,500. Jumla 3,300, yaani mikoba 110 kwa mwezi. Ana uwezo wa kushona minne kwa siku, siku 22: mikoba 88. Haifiki. Hapa mwalimu anyamaze, darasa lihangaike. Majibu mawili yatatoka, kupunguza gharama au kupandisha bei. Bei ikiwa 110, kila mkoba unaacha 40, na 3,300 ukigawa kwa 40 ni 82.5, yaani mikoba 83. Inawezekana, ikibakiza mitano ya kuvuta pumzi. Ongezeko la bei la asilimia 10 limepunguza kazi kwa mikoba 27. Mwanafunzi akiliona hilo kwa mkono wake mwenyewe, hatalisahau.

Kwa asiyesoma vizuri, tumia makopo matatu: la bidhaa, la gharama za mwezi, la ujira. Kila mkoba ukiuzwa 110, 70 zinaingia kopo la kwanza papo hapo, na 40 zinazobaki zinajaza kopo la pili hadi litimie 1,800, ndipo la tatu lianze. Kwa asiyeona anayetumia jedwali la Excel: anza kisanduku cha A1, weka jedwali moja tu kwa kila ukurasa, vichwa vikae mstari wa kwanza, na usiunganishe visanduku. Visanduku vilivyounganishwa huivuruga programu ya skrini, ikataja tarakimu bila kutaja ni za safu gani.

Hatua ya 7: Jaribu soko bila huruma

Kila mwanafunzi azungumze na watu 10 ambao si ndugu wala rafiki. Asiulize "ungenunua?" kwa maana watu wastaarabu hujibu ndiyo. Aulize: mara ya mwisho ulipohitaji kitu kama hiki, ulifanya nini? Ulilipa kiasi gani? Nini kilikukera? Asiyeweza kutembea mtaa kwa mtaa apige simu au akae mahali wateja wanapopita. Idadi ibaki ileile 10.

Mjasiriamali mwenye ulemavu anakabiliwa na mtego ambao wengine hawaujui: kununuliwa kwa huruma. Mauzo ya mwezi wa kwanza yanapanda, yeye anaongeza mali, mwezi wa tatu kimya. Dawa yake ni daftari lenye safu mbili, mteja mpya na aliyerudi. Huruma hununua mara moja. Kama baada ya wiki sita safu ya waliorudi ni tupu, shida iko kwenye bidhaa au bei, na asiongeze hata kipande kimoja kwenye stoo mpaka ajue ni ipi.

Hatua ya 8: Kunadi wazo

Mashindano ya kusimama jukwaani dakika tatu huku saa ikihesabu yanapima jukwaa. Mwenye kigugumizi, anayetumia mkalimani au mwenye woga wa watu wengi hupoteza alama zisizohusu biashara. Toa njia tatu za kuchagua: kusimama mbele, kurekodi mapema, au kuketi mezani na majaji wawili. Anayepitia mkalimani aongezewe nusu ya muda. Majaji wapewe karatasi ya alama yenye mambo manne: mteja ni nani, kila kipande kinaacha kiasi gani, ushahidi wa mauzo, na hatua ifuatayo. "Kujiamini" isiwemo. Na wakatazwe kuuliza habari za ulemavu wa mtu. Waulize habari za biashara.

Hatua ya 9: Mtaji

Usiwahimize kukopa kabla ya miezi mitatu ya daftari. Rejesho la mwezi lilinganishwe na kinachobaki baada ya makopo yote matatu, katika mwezi mbaya kuliko yote, na si katika wastani. Mshonaji wetu, hata akiuza yote 88, hawezi kumudu rejesho linalozidi 220 kwa mwezi, yaani 88 mara 40 ni 3,520, ukitoa 3,300. Likizidi hapo, analipa kwa ujira wake.

Ukitafuta ruzuku kwa ajili yao, kataa zile zinazomtaka mtu atumie kwanza kisha arudishiwe. Vikundi vya kuweka na kukopa huwafaa wengi kwa sababu dhamana yake ni uaminifu, ila hakikisha vikao vyake navyo vinafikika, maana kiziwi anayekaa kikaoni bila mkalimani anachangia asichokielewa.

Jambo moja halina mjadala: akaunti na laini ya simu viwe kwa jina la mwanafunzi, na namba ya siri iwe kichwani mwake. Tenga kipindi kizima kwa hili. Asiyeona afundishwe kuingiza namba ya siri akiwa na visikizi masikioni na skrini imefanywa nyeusi, ili asimpe mtu simu amsaidie. Mume, kaka au msaidizi anayeshika namba ya siri ndiye mwenye biashara, hata kama cheti kinasema vinginevyo.

Hatua ya 10: Pima, kisha pisha

Hesabu mahudhurio kila wiki kwa makundi, usisubiri idadi ya wahitimu. Asiyefika apigiwe simu au atumiwe ujumbe ndani ya saa 48, na swali liwe "nini kilikuzuia?" Ukiuliza "kwa nini hukuja?" utapata kuombwa radhi badala ya sababu. Wakipotea watu wawili wa kundi moja katika wiki moja, chunguza ulichobadilisha: chumba, saa, mkalimani mpya.

Baada ya kozi fuatilia mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Uliza mauzo ya mwezi uliopita, wateja waliorudi, na nani anaamua pesa itumikeje. Kundi lenye watu chini ya watano usilitangazie takwimu zake, watatambulika.

Kuanzia awamu ya pili, waajiri wahitimu wawili wakiwa walimu wasaidizi kwa malipo ya kweli, wala si kwa cheti cha shukrani. Mmoja apewe fomu na ukumbi, kwa kuwa anajua mlango ulimkwaza wapi. Mwingine apewe vipindi vya hesabu pamoja na daftari lake mwenyewe kama mfano. Awamu ya tatu, yeye ndiye asimame mbele kwenye hesabu, nawe ukae nyuma ukirekebisha faili. Malipo yao yaingie kwenye bajeti kabla ya kodi ya ukumbi, ili pesa ikipungua kisikatwe chao kwanza.